Pima Uchawi kwa Kilo: Kuandika Hadithi ya Marubani Wanawake Vitani, Ukiwa Goma

Jumamosi mchana tunakaa wasichana saba au wanane kwenye baraza moja kule Himbi, mtaa wa Goma, kila mtu na daftari lake, tunasomeana tulichoandika. Mwaka wa kwanza nilikuwa na hadithi niliyoipenda kuliko zote: msichana rubani, vita vikali, ndege inapaa kutoka Goma ikiwa imejaa mabomu, mitungi ya maji ya dawa, kioo cha bibi yake na chui aliyefugwa. Niliisoma kwa mbwembwe. Mama mwenye nyumba alikuwa pembeni anachagua maharage kwenye ungo. Zamani alikuwa akipeleka bidhaa Walikale kwa vindege vidogo, vile ambavyo kabla ya kupanda unapimwa wewe na mzigo wako, na ukizidi unaambiwa uamue: kubaki wewe ama kubaki gunia. Nilipomaliza akauliza bila kuinua macho:

"Binti yangu, hiyo ndege inabeba kilo ngapi?"

Sikuwa na jibu.

"Basi haijapaa," akasema, akaendelea na maharage yake.

Tangu siku ile, yeyote anayekuja kwetu na hamu ya hadithi za namna hii ninaanza naye kwenye mzani. Uchawi ndani ya ndege ni mzigo kama mzigo mwingine. Ukiupakia, kuna kitu lazima kishuke. Hatua zote zilizo hapa chini zimetoka kwenye swali la yule mama.

Hatua ya 1: Anza na ndege, shujaa atafuata

Acha kwanza yule msichana mwenye macho ya moto. Tafuta chombo. Kama hujui uchague ndege gani, soma habari za Polikarpov Po-2 ya Wasovieti. Ni ndege ya miaka ya 1920, ya mbao na kitambaa, yenye mabawa ya juu na ya chini, rubani mbele na msoma ramani nyuma, wote wawili vichwa nje kwenye upepo. Ilitumika kufundishia wanafunzi na kunyunyizia dawa mashambani. Mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kama kilomita 150 kwa saa. Ukiiona kwenye picha huwezi kudhani kuna mtu atathubutu kwenda nayo vitani.

Walikwenda nayo wanawake. Mwaka 1942 kikosi cha 588 cha mabomu ya usiku kiliingia vitani dhidi ya Wajerumani, na ndani yake kila mtu alikuwa mwanamke: marubani, wasoma ramani, mafundi, wapakia mabomu. Aliyehangaika hadi vikosi vya wanawake vikaundwa ni Marina Raskova, rubani mwenye jina kubwa tangu kabla ya vita. Yeye mwenyewe alikufa Januari 1943, ndege yake ilipoanguka kwenye hali mbaya ya hewa. Kamanda wa 588 alikuwa Yevdokiya Bershanskaya. Kwa kuwa ndege ilibeba kidogo, kama kilo 300 za mabomu na mara nyingi chini ya hapo, ilibidi iende na kurudi mara nane au zaidi kwa usiku mmoja. Wakikaribia shabaha, rubani alishusha injini mpaka ikakaribia kunyamaza, ndege ikateleza hewani, na askari walioko chini wakasikia upepo tu ukivuma kwenye nyaya na kitambaa. Wajerumani wakawapa jina la Nachthexen, wachawi wa usiku. Hadi vita vinaisha walikuwa wameruka zaidi ya mara 23,000, na 23 kati yao walitunukiwa cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovieti.

Sasa sikia hili. Mpaka mwaka 1944 walikuwa wakiruka bila parachuti. Parachuti ina uzito, na ndege yenyewe ilikuwa ya kubembelezwa. Upande mmoja wa mzani uhai wa wasichana wawili, upande wa pili mabomu, ukaamuliwa mzigo. Mwandishi akiweza kukaa na uamuzi huo kwa saa nzima, akaona nani aliuunga mkono na nani alinung'unika usiku kitandani, ameshapata hadithi kabla ya kutia tone moja la uchawi.

Fungua daftari, ukurasa wa kwanza, andika hesabu. Yangu ya sasa iko hivi: ndege ya kubuni, inabeba kilo 400. Rubani 58, msoma ramani 52, makoti na viatu vyao 14. Hiyo ni 124. Mafuta 90, tunafika 214. Mabomu 150, tuko 364. Zinabaki 36. Ndiyo nafasi yote ya uchawi, haijafika hata nusu gunia la maharage. Chui alibaki Himbi.

Hatua ya 2: Chagua vita, na uchague kwa akili

Mwandishi wa mbali anaandika "vita vikazuka" na kuendelea na safari yake. Msomaji wa Goma atakusimamisha hapo hapo: vilizukia wapi, na nani alikuwa ameshika Sake, mji ulio jirani yetu?

Ushauri wangu: usitumie makundi ya leo, wala bendera zao, wala majina ya wakubwa wao. Mwenzako anayekaa kando yako barazani anaweza kuwa na kaka upande huu na mjomba upande ule, naye hajawahi kukuambia. Tena daftari linasafiri. Siku moja litafunguliwa kwenye kizuizi na mtu ambaye hajui maana ya hadithi ya kubuni, wala hana muda wa kufundishwa.

Njia ya kwanza ni kurudi nyuma. Septemba 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi, hapa hapa kwenye ziwa letu. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege za kutua majini kwenye ziwa Tanganyika, zikaenda kudondosha mabomu Kigoma, ambako Wajerumani walikuwa na meli yao Graf von Götzen, ile inayoitwa Liemba hadi leo. Kwa hiyo vita vya angani kwenye maziwa yetu vina zaidi ya miaka mia moja, na vimeandikwa kwa majina ya wanaume wa Ulaya peke yao. Nani aliiona ndege ya kwanza akiwa anachota maji ufukweni? Alikuwa na umri gani? Aliporudi nyumbani walimwamini? Hapo pana riwaya nzima, na mimi sijaona aliyeigusa.

Njia ya pili ni nchi ya kubuni. Badilisha majina ya milima na wafalme, lakini kazi za vita ziache zilivyo: foleni ya maji, bei ya makala (mkaa) kupanda kabla ya jua kutoka, godoro kichwani. Mwenzetu mmoja aliandika kwamba usiku wa mapigano mama yake alihamishia watoto wote kwenye korido, kwa sababu korido haina dirisha. Hakueleza zaidi. Sote tuliosikiliza tuliijua korido ile.

Hatua ya 3: Uchawi: neno, sharti, uzito

Hii ndiyo hatua inayokula muda, usiikimbilie.

Kwanza neno. Kwetu habari za ndege za usiku hazikuja na vitabu. Tumekua tukisimuliwa kuhusu mulozi, yaani mchawi, anayepaa usiku kwa ganda la karanga, anafika nchi za mbali, alfajiri yuko kitandani kwake. Watu wanacheka, mpaka siku anapotajwa bibi fulani wa jirani. Kivu Kusini wako akina mama wazee waliouawa na umati kwa kushukiwa ulozi. Basi ukiandika wanawake wanaoruka gizani kwa nguvu zisizoonekana, jua unaweka kidole kwenye kidonda. Sikukatazi. Ninakuomba tu uamue nani katika hadithi yako anatumia neno gani. Wale Wasovieti hawakujiita wachawi. Aliyewaita hivyo ni adui aliyekosa usingizi. Kwenye hadithi yangu "ulozi" ni neno la adui, "dawa" ni neno la makamanda, na wasichana wenyewe wanasema "kazi" basi. "Leo uko na kazi?" Jaribu kuisema kwa sauti ya chini. Inatisha kuliko nguvu za giza zote.

Pili sharti. Watu wengi wanaobuni uchawi wanaazima fimbo na majoho ya Ulaya, wakati ukanda wetu una dawa ya vita yenye katiba yake. Kwenye vita vya Maji Maji kule Tanganyika, 1905 hadi 1907, wafuasi wa mganga Kinjeketile waliamini maji yatageuza risasi za Wajerumani. Mwaka 1964 waasi wa Simba hapa Kongo walikuwa na maji yao, na wapiganaji wa Mai-Mai wamelibeba neno lenyewe katika jina. Na kila mahali dawa inakuja na masharti: usiibe, usile chakula hiki, usiguse mwanamke. Mtu akipigwa risasi akafa, dawa haisemwi vibaya. Inasemwa amevunja sharti.

Kaa hapo kidogo, mdogo wangu, maana pamejaa. Uchawi wa namna hii haushindwi kamwe. Lawama siku zote ni ya maiti. Rubani wako akianguka, wenzake watanong'onezana amevunja nini, na mama yake atayasikia manong'ono hayo kwenye matanga. Halafu lile sharti la wanawake. Kama mwanamke anaharibu dawa kwa kuigusa, nini kinatokea dawa ikiwa yake? Yeye akae mbali na nani? Niliuliza barazani, na msichana wa miaka 15 akajibu papo hapo: "Na wanaume wanaosema uongo. Kwa hiyo hawezi kukaa karibu na kamanda." Nimelichukua jibu lake, kwa ruhusa.

Ukitaka mfano wa mwanamke, pepo na vita kwa pamoja, upo jirani. Kwenye milima ya Ndorwa, mpakani mwa Uganda na Rwanda, pepo aitwaye Nyabingi alisema kupitia vinywa vya wanawake. Muhumuza, mmoja wa hao, alikusanya watu dhidi ya wakoloni. Waingereza walimkamata mwaka 1911, wakamshikilia Kampala mpaka alipokufa mwaka 1945. Miaka 34! Serikali haimfungi mtu muda huo kwa sababu ya porojo.

Tatu uzito. Kila nguvu unayoipa ndege iandikie kilo zake na kitu kinachoipisha. Nikuonyeshe moja mpaka mwisho. Wasichana wangu wanaweza kunyamazisha injini bila kuizima. Ila sauti iliyozuiwa haipotei, inakaa ndani ya ndege na kuongeza uzito, kilo 1 kwa kila dakika. Rudi kwenye hesabu: nafasi ni kilo 36, basi ukimya ni dakika 36, si zaidi. Kutoka ziwani hadi kambi ya adui ni dakika 20. Wakiangusha mabomu wanapata nafasi ya kilo 150, kurudi ni rahisi. Lakini mabomu yakinasa, zinabaki kilo 16 tu, na kelele ya kurudia ni kilo 20. Lazima waimwage kelele hiyo njiani, na popote watakapoimwaga, muungurumo wa dakika nzima nzima utapasuka hapo kwa mara moja. Juu ya ziwa wataamsha wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo. Juu ya kijiji…

Unaona? Sikubuni balaa lolote. Mzani umefanya kazi hiyo.

Hatua ya 4: Tumia anga iliyo juu ya kichwa chako

Wanaoandika ndege kwa kutazama filamu huweka mawingu meupe na machweo. Wewe uko Goma, huna haja ya kuomba mawingu ya watu.

Mji uko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi inainua mabawa kwa shida, kwa hiyo ndege ileile inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuacha ardhi. Sasa kumbuka tarehe 17 Januari 2002: lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Hewa nyepesi, njia iliyokatwa, mawe meusi mwishoni. Rubani wako akikosea kilo 20 tu, anaishia kwenye yale mawe. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima ulifunguka tena, na kila aliyekuwepo anajua mbingu nyekundu ina rangi gani hasa, na kwamba kinachobaki kichwani ni harufu.

Nyiragongo ina mita karibu 3,470. Mlima ukiwa na moto ni taa ya kurudia nyumbani, wingu likishuka ni ukuta. Jina lenyewe ni la kike, kama mnavyojua mliozoea majina ya Nyira-. Mpe mlima nafasi ya mhusika, siyo ya pazia.

Halafu mazuku. Hilo ni neno letu, na wataalamu wa volkano duniani wanalitumia hivyo hivyo katika maandiko yao. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inatulia kwenye mabonde na mashimo, na anayeshuka humo haoni kitu mpaka anaanguka. Asubuhi utakuta mbuzi wamelala. Fikiria rubani aliyelazimika kutua bondeni usiku: taa ya mafuta inafifia na kuzimika bila upepo. Msomaji wa Goma atapiga kelele "toka!" kabla rubani hajaelewa. Msomaji wa kwingine utamwelezea kwa sentensi moja, basi.

Radi ipo pia. Kabare, karibu na Bukavu, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani, na unajua wanavyosema huku kuhusu kumtumia mtu radi. Majivu ya volkano yanaziba vichujio na kukwaruza vioo. Kwenye ndege kubwa za jeti yanayeyuka ndani ya injini, kama ilivyotokea mwaka 1982 juu ya Java, ndege ya British Airways ilipozimikiwa injini zote nne kabla ya kuziwasha tena. Chagua kimoja kwa kila sura. Ukiweka radi, majivu na mazuku usiku mmoja, hata mama wa maharage ataondoka.

Hatua ya 5: Usiwasahau walio chini

Kwa kila wasichana wawili hewani kuna wengine wanaoshika spana gizani, vidole vimekufa ganzi. Mpe mmoja wao jina na mdomo mchafu.

Uingereza, wakati wa vita vile vile vya Wasovieti na Wajerumani, marubani wanawake wa ATA, shirika la kusafirisha ndege za vita, walipeleka ndege kutoka viwandani hadi vikosini, mara nyingine aina ambayo hawajawahi kuigusa, wakiwa na kijitabu kidogo chenye maelezo mafupi ya kila ndege. Kijitabu cha namna hiyo, kikiwa na masharti ya dawa badala ya injini, ni kifaa kizuri sana. Mimi nimekipa gramu 300. Marekani, marubani wanawake walioitwa WASP walifanya kazi ya kurusha ndege za jeshi mwaka 1943 na 1944, wakafa 38, lakini hawakuhesabiwa askari. Mmoja akifa, wenzake walichanga pesa ili mwili ufike kwao. Serikali iliwatambua mwaka 1977. Niliposoma hilo barazani, mtu mmoja akasema taratibu, "Kumbe nao walikuwa na likelemba." Siyo likelemba sawasawa, ule mchango wetu wa kupeana kwa zamu, lakini nilimwelewa.

Hatua ya 6: Lugha ya ndani ya ndege

Masimulizi andika kwa Kiswahili kinachosomeka Kigoma na Mombasa pia. Rubani, msoma ramani, usukani, tangi, dira, kupaa, kutua; pangaboi wengi wanalielewa kuliko rafadha. Kwenye mazungumzo, waache waseme kama tunavyosema. Mtu mwenye hofu hasemi kwa sarufi ya darasani:

"Yaya, moteri imezima?"

"Hapana. Mi njo (mimi ndiye) nimeinyamazisha."

"Kilo ngapi?"

"Saba. Kaa kimya, nane."

Msoma ramani ni mdogo, anamwita rubani yaya, yaani dada mkubwa, hata kama cheo ni kimoja. Akiacha kumwita yaya, msomaji ajue wamegombana. Huna haja ya kuandika "alikasirika".

Hatua ya 7: Sura ya kwanza ianzie kwenye mzani

Usianze na ndoto wala unabii. Anza uwanjani, saa ya kupimwa. Yangu inaanza hivi, baada ya kuandikwa upya mara nne:

Fundi aliweka taa chini ili mwanga usionekane ng'ambo ya ziwa. "Panda," alisema. Nikapanda na koti. Akasoma, akanitazama viatu. "Juzi ulikuwa 57." Nilijua ni nini kilichoongezeka, kilikuwa kwenye mfuko wa ndani, kimefungwa kwa kitambaa cha kanga ya mama. Nikavua viatu.

Hapo kuna vita, ndege, siri na gharama, na hakuna aliyeeleza kitu. Urefu wa sura usizidi unachoweza kusoma kwa dakika kumi, kwa sababu baada ya hapo mtu ataitwa kwenda kuteka maji.

Hatua ya 8: Soma kwa sauti, kisha uhesabu tena

Msomee mtu ambaye hajali vitabu. Tazama mikono yake; akirudi kwenye simu, weka alama pembeni, usimuulize kwa nini. Ukimaliza pitia hesabu ya kilo sura kwa sura. Mimi nilikuta kwenye sura ya 6 mafuta yamejaa tena na hakuna aliyeyajaza.

Nakili kwenye simu umeme ukiwepo, tuma nakala kwa mtu anayekaa mji mwingine, andika tarehe juu ya kila nakala, na ya zamani usiifute hata ikikuaibisha. Ile yangu yenye chui bado ninayo. Mama mwenye nyumba ameomba nimsomee tena, anataka kujua chui alikuwa na kilo ngapi.